Santuri Mbili Juu ya Meza Moja

 

Nimeombwa nizungumze juu ya santuri za jazz ninazozipenda na waimbaji walioimba humo, na nitafanya hivyo kwa furaha. Ila nina ombi ambalo sitaki lisubiri mwisho. Hapa Morogoro wapenzi wa jazz tuko makundi mawili yasiyotembeleana. Liko kundi la Coltrane, Miles Davis na Abbey Lincoln. Ukiwatajia Morogoro Jazz watakujibu kwa upole kwamba ule ni muziki wa dansi, mambo ya baba zao. Na liko kundi la Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah, ambalo jazz ya Wamarekani huiona muziki wa wasomi, mrefu, usio na maneno na usiochezeka. Kila kundi huazimana santuri lenyewe kwa lenyewe. Naomba tuanze kuazimana kuvuka mpaka huo. Sisemi hivyo kwa ajili ya ujirani mwema tu. Muziki wa pande hizi mbili ulitafutana kwa zaidi ya miaka 15, kila upande ukiliita jina la mwenzake, na haukukutana. Sisi tunaoishi chini ya Uluguru tunaweza kuukutanisha sebuleni, kwa sababu vipande vyote viko mikononi mwetu.

Nianze na Wamarekani, kwa kuwa habari yao haisimuliwi sana kwetu. Mwaka 1955 mpiga tarumbeta Clark Terry alirekodi kipande kinachoitwa "Swahili", kilichotungwa na Quincy Jones akiwa bado kijana. Mwaka uliofuata Buddy Collette wa Los Angeles alirekodi "Tanganyika". Kisha ukaja mwaka 1958. Januari ya mwaka huo TANU ilikutana Tabora kubishana kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu. Miezi michache baadaye, kule Marekani, mpiga tarumbeta Wilbur Harden aliingia studio pamoja na John Coltrane kwenye saksafoni, Curtis Fuller kwenye tromboni na Tommy Flanagan kwenye piano, wakarekodi "Tanganyika Strut". Katika siku hizo hizo za kurekodi walipiga pia "Dial Africa" na "Gold Coast". Tanganyika ilikuwa bado miaka mitatu kufika kwenye uhuru wake, na jina lake lilikwisha kuandikwa kwenye karatasi za santuri za watu weusi wa Marekani.

Ukisikiliza vipande hivyo hutakuta ndani yake ngoma ya Kiluguru wala ya Kizaramo. Ni jazz ya mji wa Kimarekani, na sioni sababu ya kuivisha nguo isiyo yake. Lakini majina hayakuwekwa kama pambo. Hawa walikuwa watu walionyimwa haki kwao, wakifuatilia kila siku nchi gani ya Afrika inakaribia kupandisha bendera. Jina la nchi juu ya santuri lilikuwa tamko.

Santuri iliyolitoa tamko hilo waziwazi kuliko zote ni "Uhuru Afrika" ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwezi Novemba 1960. Kama mtaazima santuri moja tu ya ng'ambo baada ya jioni hii, azimeni hiyo. Ina sehemu nne, na majina ya sehemu hizo yatakufanya ukae wima: "Uhuru Kwanza", "African Lady", "Bantu" na "Kucheza Blues". Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Mpangilio wa ala ulifanywa na Melba Liston, mwanamke aliyepiga tromboni na kupanga muziki wa bendi kubwa katika zama ambazo wanawake wengi wa jazz waliruhusiwa kuimba tu. Na sauti ya kwanza inayozungumza humo inazungumza Kiswahili. Ni sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, yule ambaye baadaye Watanzania walikuja kumjua kama mbunge wa Makete. Alikuwa Marekani wakati huo, akihusika na mambo ya Umoja wa Mataifa, na Weston akamwita asome shairi la uhuru kwa lugha yetu. Miaka minne baadaye, serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo.

Nawaomba mwangalie pia nani wamekaa kwenye ngoma katika santuri hiyo. Yupo Babatunde Olatunji wa Nigeria, yupo Max Roach, na wapo Wakyuba wawili, Candido Camero na Armando Peraza. Na kwenye safu ya matarumbeta yumo Clark Terry, yule yule wa "Swahili" ya 1955. Wale Wakyuba muwaweke akilini, maana tunarudi nyumbani na tutawakuta wenzao hapa hapa mjini.

Mwaka 1948, katika mji huu, kijana wa miaka 20 aitwaye Salum Abdallah Yazidu alianzisha bendi akaiita La Paloma. Kufikia 1952 bendi ile ilikuwa imekwisha kuwa Cuban Marimba. Wengi mnamjua kwa herufi za jina lake, SAY. Muziki uliomlea ulikuja kwa sahani: santuri za Kikyuba za mfululizo wa GV, ambazo kuanzia miaka ya 1930 zilisambaa bandari hadi bandari za Afrika na kupanda bara kwa reli. Husimuliwa kwamba akiwa kijana alitoroka hadi Mombasa akitaka kupanda meli aende Cuba, akaishia Mombasa. Mimi simulizi hiyo huiamini kila ninapoisikia sauti yake, kwa sababu kuna hamu ndani ya ile sauti, hamu ya mtu anayeimba kuelekea mahali.

Morogoro ilikuwa na kila sababu ya kuzaa bendi. Reli ya Kati iliufikia mji huu kutoka Dar es Salaam mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yaliuzunguka, na mkonge ulileta watu wa makabila mengi wenye mshahara mdogo lakini wa fedha taslimu, mbali na ngoma za kwao, wakihitaji mahali pa kukutana Jumamosi usiku na lugha moja ya kuimbiana. Kiswahili na gitaa vilikidhi haja hiyo. Waluguru walishuka kutoka Mgeta, Matombo na Kinole na mizigo yao ya mboga na ndizi, wakalala mjini, wakasikia. Morogoro Jazz ilikwisha kuwepo tangu 1944. Nawakumbusha mwaka huo kwa fahari, kwa sababu African Jazz ya Joseph Kabasele kule Léopoldville ilianza 1953, na OK Jazz ya kina Franco 1956. Tunapozoea kusema kwamba kila kitu cha gitaa kilitoka Kongo, tuutaje na mwaka 1944.

Sasa msikilizeni Salum Abdallah kwa makini. Santuri zake nyingi zilitolewa Mombasa na duka la Assanand, kwa nembo ya Mzuri, na kwa bahati njema nyingine zilikusanywa mwaka 2000 na kampuni ya Dizim ya Ujerumani katika albamu moja, "Ngoma Iko Huku". Anzeni na wimbo wenyewe uliotoa jina la albamu. Tumba na mipigo ya vijiti vinakwenda Kikyuba, hilo halifichiki. Lakini sikilizeni mahali anapoweka maneno. Mkyuba huliacha neno lining'inie mbele kidogo ya pigo. Salum hulilaza Kiswahili chake juu ya pigo kwa utulivu, silabi moja moja, kama mtu anayezungumza na jirani aliye upande wa pili wa ua. Hapigi kelele. Waimbaji wenzake wanapomwitikia, hawamfuniki. Kwa masikio yangu hakuna mwimbaji wa dansi wa miaka ile aliyejua kuacha nafasi kama yeye, na katika wanaume wa Afrika Mashariki walioimba mbele ya gitaa, yeye ndiye wa kwanza wangu. Najua katika ukumbi huu wapo watakaonipinga.

Basi muwekeni pamoja na "Kucheza Blues" ya Weston. Pande zote mbili za bahari, katika miaka ileile, watu walikuwa wanachukua tumba za Cuba na kuziambia habari za uhuru wa Afrika, mmoja kwa Kiingereza na Kiswahili kidogo, mwingine kwa Kiswahili kitupu. Salum aliiimbia TANU na nchi mpya. Wimbo wake "Wanawake Tanzania" ni wa miezi ya mwanzo kabisa ya jina hilo la nchi. Ajali ya gari ilimchukua mwaka 1965, akiwa na miaka 37. Juma Kilaza akaibeba Cuban Marimba, na kwa sauti yake bendi ikaendelea kuwa mpinzani halisi wa Morogoro Jazz. Wazee mnakumbuka ushabiki huo ulivyokuwa: mji mmoja, bendi mbili, na mtu hakujificha yuko upande gani.

Hapo ndipo anapoingia Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu juu yake ndipo hoja ya kwamba "hii si jazz" inapojaribiwa kweli.

Alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, kijana aliyezaliwa 1944, mwaka uleule wa bendi. Aliimba na alipiga gitaa la solo, na katika mambo yote mawili alikuwa wa daraja la kwanza, jambo ambalo ni adimu popote duniani. Mwaka 1970 bendi ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70, na wakarudi na wimbo wenye jina hilo. Mwaka 1973 akaondoka na kuanzisha Super Volcano. Mwezi Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34. Huko Kenya ndiko zilikotolewa santuri za mfululizo wa "Ukumbusho" zilizomfanya asikike hadi leo katika kila basi la usiku.

Wengi humjua kwa "Shida", na "Shida" inastahili kila sifa. Lakini mkiniuliza Mbaraka wa kumpelekea mtu wa Coltrane ni yupi, nitasema ni yule wa Morogoro Jazz wa kati ya 1968 na 1973, wa "Masimango", "Expo 70" na "Jogoo la Shamba". Super Volcano ilikuwa bendi iliyopangika vizuri na yenye sauti safi zaidi ya studio. Morogoro Jazz ilikuwa bendi inayohatarisha. Gitaa la solo na saksafoni vinakatizana, mmoja anachukua sentensi ya mwenzake kabla haijaisha, gitaa la kati linashikilia duara lake dogo bila kuchoka, na besi inaruka pale unapoitegemea ikae.

Mwenzangu wa kundi la Marekani huniambia: sawa, lakini solo ziko wapi? Coltrane anapiga dakika nyingi, anajenga, anabomoa, anajenga tena. Mbaraka anapiga kidogo kisha wimbo unaisha.

Jibu liko kwenye sahani. Santuri ndogo ya mizunguko 45 hubeba takriban dakika tatu au nne kila upande, na hiyo ndiyo waliyopewa wanamuziki wetu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, au bendi ilisafiri Nairobi, na huko sahani zilifyatuliwa kwa ukubwa ambao mfanyabiashara aliona utauzika na kutoshea kwenye mashine za mabaa. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: upande wa kwanza hadithi na sauti, upande wa pili chemko. Unasikia magitaa yanaanza kupanda, saksafoni inaingia, mpiga solo anapata moto, na sauti inafifia kwa sababu nafasi imekwisha. Wamarekani nao walikuwa na kifungo hicho hicho enzi za santuri nzito za mizunguko 78. Ni santuri ndefu, iliyoingia sokoni 1948, iliyowafungulia. "Tanganyika Strut" ina dakika karibu kumi. Harden na Coltrane hawakuwa na pumzi nyingi kuliko Mbaraka. Walikuwa na sahani kubwa kuliko yake.

Ukumbini mambo yalikuwa mengine. Wazee waliocheza mnajua kwamba chemko halikuwa na saa. Lilikwisha pale wachezaji na mpiga solo walipokubaliana limekwisha. Kilichobaki kwenye santuri ni kipande tu cha muziki huo, na msikilizaji anayejua hivyo husikiliza upande wa pili kwa namna tofauti: hauhukumu kama solo kamili, anaufuata kama mlango uliofunguliwa kidogo na kufungwa. Mkisikiliza hivyo mtasikia jinsi Mbaraka anavyochukua noti tatu au nne, anazirudia kwa uzito tofauti, anahamisha mkazo kutoka pigo la kwanza kwenda la tatu, halafu anaongeza noti moja tu na kila kitu kinageuka. Hiyo ni kazi ya mtu anayetunga papo hapo. Kama hiyo si jazz, basi nitahitaji kuelezwa kwa subira jazz ni nini.

Kuna santuri moja ya Morogoro Jazz ninayoiweka peke yake: "Dk. Kleruu". Dk. Wilbert Kleruu alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliyeuawa Isimani siku ya Krismasi 1971 na mkulima aliyegombana naye juu ya shamba, wakati vijiji vya ujamaa vinasukumwa kwa nguvu. Habari ile iliitikisa nchi. Bendi ya dansi ikaibeba, na Mbaraka akaimba maombolezo ambayo watu waliyacheza. Sijui njia bora ya kumwelewesha mgeni dansi yetu ilikuwa nini kuliko kumwekea wimbo huo: habari ya siku, majonzi ya taifa na mwendo wa mguu, vyote mahali pamoja.

Santuri ya kuiweka pamoja na wimbo huo ni "We Insist!" ya Max Roach ya mwaka 1960, na hasa kipande chake cha mwisho, "Tears for Johannesburg", kilichopigwa kwa ajili ya waliouawa Sharpeville tarehe 21 Machi mwaka huo. Anayeimba ni Abbey Lincoln, mwimbaji ninayempenda kuliko wote wa Marekani. Ndani ya kipande hicho haimbi neno hata moja. Anaomboleza kwa sauti tupu, chini, juu, bila kujipamba, na ngoma za Olatunji na wenzake zinamzunguka. Wapo waliosema hana sauti nzuri. Ni kweli kwamba Ella Fitzgerald na Sarah Vaughan wana koo zilizopewa zaidi. Lakini Abbey Lincoln haimbi noti asiyoiamini, na baada ya kumzoea, waimbaji wengi laini huanza kukuchosha. Mwaka 1975 alisafiri Afrika na Miriam Makeba, akapewa majina mapya Guinea na Zaire, akayabeba maisha yake yote. Mbaraka na Abbey Lincoln hawakuwahi kusikilizana, kwa ninavyoamini. Lakini wawekeni mmoja baada ya mwingine, "Dk. Kleruu" kisha "Tears for Johannesburg", na mtaona wote wawili walikabiliwa na swali moja: muziki ufanye nini siku ya msiba wa watu wengi? Mmoja alichagua maneno na mguu. Mwingine alitupa maneno yote.

Hapa nataka kupitia Mazimbu, maana ni sehemu ya mji wetu tunayoisahau tunapozungumza muziki. Baada ya watoto wa Soweto kuandamana tarehe 16 Juni 1976 na kupigwa risasi, wengi walikimbia nchi yao, na Tanzania ikawapa ANC ardhi hapa Mazimbu. Mwaka 1978 ikaanza shule iliyokuja kuitwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, na mpaka 1992 Morogoro ilikuwa na kijiji kizima cha Waafrika Kusini, na kingine Dakawa. Hawa walitoka katika vitongoji ambavyo jazz ilikuwa muziki wa baba na mama: marabi, mbaqanga, saksafoni za mtaani. Wimbo uliokuwa unawafuata kila mahali katika miaka ile ni "Mannenberg" wa Abdullah Ibrahim, uliorekodiwa Cape Town mwaka 1974, akiwa na Basil Coetzee na Robbie Jansen kwenye saksafoni.

Na "Mannenberg" ndio kipande ninachokitumia kumaliza ubishi kati ya makundi yetu mawili. Unajaza upande mzima wa santuri ndefu, zaidi ya dakika 13. Duara moja la piano linazunguka, linazunguka, na saksafoni inapanda juu yake taratibu, inasema, inanyamaza, inarudi. Unachezeka kabisa. Mpenzi wa Coltrane atakaa asikilize mpangilio wa solo. Mpenzi wa Mbaraka atainuka baada ya dakika mbili. Kila ninapousikia nawaza kwamba hivi ndivyo chemko la Morogoro Jazz lingekuwa kama mtu wa Nairobi angewapa upande mzima wa santuri na kuwaambia, pigeni mpaka mridhike. Hakuna aliyewaambia hivyo. Lakini masikio yetu yanaweza kuufanyia kazi uwezekano huo: msikilize "Mannenberg" kwanza, halafu mrudi kwenye upande wa pili wa "Masimango". Mtasikia mambo ambayo hamkuyasikia mwanzo.

Upande wa Marekani nao haukuacha kuita. Tarehe 31 Desemba 1970, Herbie Hancock alirekodi San Francisco albamu yenye jina "Mwandishi", na wanamuziki wake wote walijichukulia majina ya Kiswahili: yeye mwenyewe Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, Billy Hart wa ngoma akawa Jabali, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto. Ni muziki mgumu, sitawaficha. Kipande cha kwanza, kilichotolewa kwa Angela Davis, kina pigo la 15 linalomtega hata mchezaji hodari. Simpi mtu albamu hiyo kama zawadi ya kwanza. Lakini fikirini: miezi hiyo hiyo Morogoro Jazz wametoka Osaka, na Mchezaji na Jabali wako California. Hakuna aliyewapa simu.

Santuri zangu nyingi za Morogoro zilitoka kwa mjomba. Kwetu Uluguru ukoo hupita kwa mama, na mjomba ndiye mwenye usemi juu ya mpwa. Kwangu alikuwa na usemi hata juu ya sindano ya gramafoni. Yeye hakuazima santuri bila maneno. Alikutajia nani anapiga solo, nani anaitikia, mtindo ulikuwa unaitwaje, na alikuambia mahali pa kunyamaza. Nimekuja kuona kwamba hayo maneno ndiyo yaliyokuwa azima yenyewe. Karatasi za santuri zetu zina jina la wimbo, la bendi, pengine la mtunzi, basi. Mpiga saksafoni hayumo. Mwenye tumba hayumo. Wamarekani huandika kila jina, siku ya kurekodi, hata mtu wa mitambo, ndiyo maana leo naweza kuwatajia nani alipiga tromboni mwaka 1958 nje ya nchi, nikashindwa kumtaja aliyepuliza saksafoni kwenye wimbo uliopigwa umbali wa kutembea kutoka hapa. Wazee mlio humu ndani mna majina hayo vichwani. Vijana waliowaleta wana simu za kurekodia mifukoni. Kabla hamjaondoka, kaeni nao, wekeni wimbo, na kila ala ikiingia semeni ni nani. Andikeni nyuma ya jalada kwa penseli. Wino huvuja ukungu wa masika ukipanda kutoka mlimani, na majalada yetu yamekwisha kuumia vya kutosha. Na sahani zisimamisheni wima, msizilundike. Zikilala katika joto la Kihonda zinapinda, na zikipinda hata Mbaraka atasikika amelewa.

Jambo la mwisho ni namna ya kuketi. Santuri chache kwa jioni moja zinatosha. Aliyeleta aseme kwa nini ameleta, kwa ufupi, kisha aache sindano iseme. Mtu asizungumze solo ikipigwa, hata kama anaijua. Na kila aliyeleta sahani moja ya upande wake alazimike kuondoka na sahani moja ya upande wa pili, akae nayo wiki nzima, asikilize zaidi ya mara moja, ndipo arudi na hukumu. Abbey Lincoln husikika vibaya mara ya kwanza kwa mtu wa rumba. Salum Abdallah huonekana rahisi mno kwa mtu wa Coltrane. Mara ya tatu hukumu hubadilika, nimeiona ikibadilika.

Tumeweka meza hapo mbele. Tutaanza na Salum Abdallah, "Ngoma Iko Huku", kisha "Uhuru Kwanza", tumsikie Tuntemeke Sanga akizungumza nasi kutoka New York. Baada ya hapo "Tanganyika Strut", yote, bila kukatwa, na tutamalizia kwa "Expo 70", pande zote mbili. Wenye kutaka kucheza, nyuma kuna nafasi. Wenye kutaka kubishana juu ya nani alikuwa bora, Cuban Marimba au Morogoro Jazz, msubiri sahani igeuzwe.